Galoni 160 za Washington

Mwaka 1758 George Washington aligombea kiti cha House of Burgesses, bunge la koloni la Virginia. Siku ya kura alikuwa jeshini. Marafiki zake ndio waliowanywesha wapiga kura, galoni kama 160. Ramu, mvinyo, bia. Sheria ilikataza. Akashinda.

Nilitaka kumhukumu chap chap, nikakwama. Kura ilitajwa kwa mdomo mbele ya wagombea, na aliyeruhusiwa ni mwanaume mweupe mwenye ardhi. Waliolima ardhi hiyo kama watumwa hawakuulizwa kitu. Sasa mbona mimi nilianza kwa kuhesabu pombe?

Halafu kuna James Madison. Mwaka 1777 alikataa kunywesha watu. Wakaona ni maringo, ama mkono wa birika. Akaanguka.