Uzuri na Mgongo wa Punda

Uzuri ni tunu ambayo mwanadamu ameitafuta tangu kale, wala si aibu kuitafuta. Katika safari hiyo amewaita wanyama wamsaidie. Wako walipao fedha ili samaki wadogo wadonoe ngozi ya nyayo zao. Na katika mji wa Tokyo konokono wamewekwa watambae juu ya nyuso za watu, ili utelezi wao ulainishe ngozi. Mambo hayo huchekesha, lakini kicheko si hukumu. Swali la haki ni jingine: mnyama atumiwapo kwa uzuri wa mtu, gharama humwangukia nani?

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zafaa kulipima swali hilo. Wakurya, Wangoreme na majirani zao ni wafugaji. Kwao samli imeng'arisha miili, na ngozi na manyoya yamewapamba wachezaji wa ngoma. Kwa hiyo hawawezi kuambiwa kwamba kujipamba kwa mnyama ni jambo geni. Lakini samli hutoka katika maziwa, na ng'ombe aliyekamwa leo hukamwa tena kesho. Ngozi hubaki baada ya nyama kuliwa. Tena aliyepambwa na aliyemtoa mnyama ni watu wa jamaa moja: pambo na hasara vyakaa pamoja.

Katika boma hilohilo yupo punda, mnyama asiyeimbwa. Hubeba maji, kuni, na mahindi yaendayo mashineni. Akiondoka, kazi haiondoki naye. Huhamia kichwani mwa mama na binti.

Nchini China ngozi ya punda huchemshwa ikawa gundi iitwayo ejiao, ambayo jimbo la Shandong lina sifa nayo tangu zamani. Hutumiwa kama dawa ya damu, na siku hizi huuzwa pia kwa ahadi ya kuhifadhi ujana wa uso. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilikuwa na punda wapatao milioni 11. Idadi hiyo ilipopungua sana, wanunuzi waligeukia Afrika. Punda jike huchukua mimba kwa muda wa karibu mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Kwa hiyo kisu hukimbia kuliko uzazi. Machinjio yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga, na nchini Kenya vilevile. Mwaka 2022 Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo kwa miaka 10, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubali kuusitisha barani kote.

Ipo hoja ya kupinga, nayo si dhaifu. Punda ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali ana hiari ya kuuza. Fedha yake yaweza kulipa ada ya shule au kununua dawa. Serikali ina haki gani kumzuia maskini asiuze alicho nacho? Jibu limo ndani ya nyumba. Mara nyingi auzaye si yule abebaye: mume hupokea fedha, mke hupokea mzigo. Fedha huisha kwa siku chache. Maji hutekwa kila siku. Hiari ya mmoja inayomfunga mwingine si hiari kamili.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Kutoka Sirari hadi Isebania ni hatua chache tu, na penye bei kubwa njia za usiku hazikosi wapitaji. Kitakachomlinda punda ni dhamiri ya anunuaye uzuri huo, ajue kwamba ulaini wa uso wake umelipwa kwa shingo ya binti asiyemjua.

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Katika biashara hii punda ametoa maji, kuni, unga, na mwisho ngozi yake. Aliyepiga teke ni mwanadamu.