Kapu Hupandishwa Kidogo Kidogo

Mjukuu wangu, picha za tangi lako nimezipata, na ile sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza mara mbili. "Babu, matumbawe yanakufa, nimebadilisha taa, nimebadilisha maji, nimetia dawa, sasa nifanye nini?" Yote hayo kwa siku nne. Nikashusha pumzi.

Mimi sijafuga tumbawe. Tanganyika ni maji baridi, matumbawe hayamo. Lakini ujanani nilizamia samaki wa mapambo kwenye mawe ya Magara, ukitoka Rumonge kuelekea Bujumbura. Biashara ile Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa ameshaitangaza Ulaya. Yupo hata samaki aliyepewa jina lake mwaka 1974, na wafugaji wa huko humwita binti mfalme wa Burundi.

Aliyetutia hofu zaidi ni yule mwenye nundu kichwani na milia myeusi, frontosa. Huyo hukaa chini sana, mita 30 na kuzidi. Ukimpandisha kwa mkupuo, hewa ya kibofuni mwake hutanuka, tumbo linafura, macho yanatokeza, naye anaelea ubavu asiweze kuzama tena. Kwa hiyo tulimtia kapuni, tukafunga kamba na boya, tukalipandisha kapu mita chache, tukaenda zetu nyumbani. Kesho yake mita chache tena. Siku moja mnunuzi alikuwa na haraka ya ndege. Akasema vuteni. Tulijua, na tukavuta. Hadi leo naisikia ile mikia ikipiga maji mtumbwini, na jinsi ilivyonyamaza mmoja mmoja kabla ya adhuhuri.

Wewe, mwanangu, umevuta kapu mara tatu kwa siku nne.

Basi acha mikono. Jambo moja tu halingoji: soma karatasi ya ile dawa. Dawa nyingi za samaki zina shaba, na shaba inayomponya samaki huliua tumbawe. Ikiwa imo, anza leo kubadilisha maji, na hayo mapya yawe na chumvi na joto sawa na ya tangini. Ikiwa haimo, usiguse kitu mpaka umepima.

Pima chumvi kwanza. Kwenye picha ya tatu nimeona ukoko mweupe kwenye ukingo wa kioo, na chini yake alama ya maji yalipokuwa wiki iliyopita. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Ziwa letu ndivyo lilivyo: sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa jua, machache tu hutoka kwa mto Lukuga, ndiyo maana yana magadi kidogo ulimini. Lakini ziwa lina kina cha mita 1,470 na halishtuki. Sanduku lako lina lita mia mbili. Ukijazia maji ya chumvi mahali pa maji yaliyopaa, kila wiki unaongeza ukali bila kujua. Bahari ina gramu 35 hivi kwa lita. Ukikuta imezidi, jazia maji matamu yaliyochujwa, kidogo kila siku, usishushe yote kwa jioni moja.

Ile taa mpya ishushe nguvu. Ndani ya mwili wa matumbawe hayo vinaishi vijimea vinavyoyalisha kwa mwanga. Mwanga ukija kwa ghafla, tumbawe huvitema, likabaki jeupe lenye njaa. Lipe wiki kadhaa lizoee.

Na lile linalofanana na uyoga, lililojifunga na kung'aa kama limepakwa nta, usilizike bado. Huvua ngozi. Liache mahali maji yanapopita vizuri, liondoe utando wake lenyewe. Siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki. Ningekuonya zaidi juu ya yale mawili uliyoyabananisha pembeni. Matumbawe laini hupigana kwa sumu yanayoitoa majini. Baharini mkondo huichukua, kwako inazunguka. Yatenganishe, na uweke makaa ya kuchujia.

Kitu kingine: umejisifu kwamba maji yako ni safi kabisa, kipimo kinaonyesha sifuri. Matumbawe laini huhitaji uchafu kidogo, ndio chakula chao. Walishe samaki wako vizuri, inatosha.

Nimechoka kuonya juu ya kuharibu maji, si kwako tu. Huku kwetu ziwani miti ya milimani imekatwa, mvua ikinyesha udongo unateremka na kulala juu ya mawe niliyokuwa nikizamia. Mwani wa kwenye mawe unafunikwa, na samaki wanaoukwangua wanakosa malisho. Nayaona maji mekundu yakiingia ziwani pale mdomo wa mto, nami sina kapu la kuyazuia. Lako ni sanduku moja, liko mbele ya macho yako, na bado linaweza kupona.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha taa, pima chumvi na joto, uandike kwenye karatasi, unitumie. Kisha, zaidi ya hayo niliyokutajia, ukae nalo siku tatu bila kutia mkono. Mama yako ataniwekea simu karibu. Nitakuwa nangoja hizo namba.