Kondoo Aliyefutwa Daftarini

Ingawa ada ya shule za Serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi Kidato cha Nne, wazazi wa kila dini na kabila bado waleta watoto wao kwetu, wakilipa kwa jasho. Twashukuru. Lakini desturi moja yatutia haya: mtoto asiyefikisha wastani uliowekwa huhamishwa kabla ya mtihani wa Taifa, ili jina la shule ling’are. Kumbe hakuna aliyefundishwa zaidi! Mchungaji wa Injili alikuwa na kondoo mia. Angalimfuta daftarini yule aliyepotea, hesabu yake ingalitimia pasipo kutoka kumtafuta. Ewe mkuu wa shule, yule wa Kidato cha Tatu aliyeondoka Desemba yuko wapi leo?