Pima kabla ya kurusha
Ndege ya mfano ya kuunganisha mwenyewe, yenye mabawa ya mita mbili, inayoongozwa kwa redio, isirushwe kabla ya kupimwa. Inyanyue kwa ncha za vidole chini ya mabawa, takriban robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele. Mkia ukizama, ongeza uzito puani. Ndege nzito mkiani haiongozeki. Nachingwea, kusini mwa Tanzania, inaijua gharama ya kutopima: mpango wa karanga wa Waingereza, uliofika hadi huko, ulianza 1947 kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha, ukafutwa 1951. Natamani walimu wa fizikia wa Nachingwea na jirani yake Ruangwa wafundishe kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika, kwa ndege za mabua. Msumari mmoja puani unatosha kuanzia.