Semina ya Ndoa Tuipime kwa Matunda Yake

 

Hapa kambini semina za ndoa si haba. Mume na mke wanakaa chini ya turubai, wanafundishwa kusikilizana, wanakunywa soda, wanapewa cheti. Je, tutajuaje kama imesaidia? Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasipokee jambo bila kulipima (1 Wathesalonike 5:21).

Wako waliopima. Huko Marekani, mradi wa Supporting Healthy Marriage uligawa kwa kura zaidi ya wenzi 6,000 wa kipato kidogo: wengine wakafundishwa, wengine hapana. Ripoti ya mwisho ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba waliofundishwa walielewana zaidi kidogo, lakini idadi ya walioachana haikupungua. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na Indashyikirwa, kuanzia 2014 hadi 2018. Wenzi walikutana mara 21. Hawakufundishwa maneno matamu tu, bali pia nani anaamua, fedha inatumikaje, na kazi za nyumbani zinagawanywaje. Walipofuatiliwa baadaye, ukatili wa waume kwa wake zao ulikuwa umepungua sana kuliko kwa wenzao wasiofundishwa hayo.

Mnaona tofauti, wapendwa? Yakobo anatutaka tuwe wepesi wa masikio na wazito wa ulimi (1:19). Lakini haishii hapo; mistari michache mbele anataka watendaji (1:22). Mume anayejibu kwa upole, kisha akauza mgao peke yake, bado hajamsikiliza mkewe.

Kwa hiyo, tusiulize tu siku ya mwisho wa semina, "Mwalimu alifundisha vizuri?" Siku hiyo kila mtu anacheka. Tuulize baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka. Wazee wamwulize baba peke yake. Mama aulizwe na mama mwenzake, faraghani. Mgao ukiuzwa, mnaamua wawili? Mkigombana, mnapatana kabla ya kulala? Watoto bado wanakimbilia kwa jirani usiku? Hayo ndiyo matunda, na Bwana alisema mti hutambulikana kwayo (Mathayo 7).

Neno moja la mwisho kwa wazee wa kanisa. Mama anayepigwa asirudishwe nyumbani akaambiwa ajifunze kuongea vizuri. Kosa si la ulimi wake. Kwanza apate mahali salama na matibabu; anayepiga ndiye wa kuonywa na kuwajibishwa. Mazungumzo ya wawili hayawezekani mmoja akiwa na hofu.

Tulikimbia vita tukaacha nyumba na mashamba. Tusikubali vita nyingine ikae ndani ya turubai letu. Cheti kitaliwa na mchwa, lakini mume na mke wanaosikilizana ni urithi wa watoto wetu popote watakapokwenda.

Mungu awabariki. Amina.