Mwendo wa Aliye Nyuma

Msomaji mpenzi, liko swali ambalo kila kundi la wasafiri hukutana nalo njiani, litake lisitake: mwendo wa safari uwe wa yule mwepesi aliye mbele, au wa yule mzito aliye nyuma? Swali hili laonekana dogo mpaka siku linapopimwa kwa uhai wa mtu. Mimi lilinipima katika Mlima Kenya, nami nakiri kwamba asubuhi ile sikulijibu vema.

Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, kiongozi mwenyeji wa mlima, na mimi mwalimu wao. Alfajiri tuliondoka kituo cha hali ya hewa upande wa Naro Moru, penye kimo cha mita 3,050 hivi, tukikusudia kulala katika bonde la Teleki, penye mita 4,200 hivi. Msitu ulipokwisha tuliingia katika kinamasi kilichoinama kama paa la nyumba. Majani yake huota vishungi vishungi; mtu huruka toka kimoja hadi kingine, na akikosea huzama matopeni. Mbele yake ilisimama mimea ya lobelia na senesio iliyomzidi mtu kimo, ambayo usiku hukunja majani yake ili baridi isiue chipukizi.

Kijana mmoja alibaki nyuma tangu kinamasini. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Hata babu yako angekutangulia leo." Wote wakacheka, naye akacheka. Tangu hapo alikaza mwendo, nami nikajisifu moyoni kwamba neno langu limemtia nguvu.

Saa nane mchana kiongozi alinivuta kando. "Mwalimu, mtazame yule anavyoweka miguu." Nilipomtazama, alikuwa akipepesuka kama mlevi. Tulimkalisha, akasema kwamba kichwa kilimwuma tangu saa nne, na kwamba chakula chake alikitupa kwa siri kwa sababu ya kichefuchefu. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu, "Samahani, Mwalimu. Sikutaka kuchekwa tena."

Yafaa ujue, msomaji, kwamba penye kimo cha mita 4,200 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni haba. Maradhi yatokanayo na hali hiyo hayachagui mnyonge. Hata shupavu apandaye kwa haraka huweza kupatwa. Kuumwa kichwa ni onyo. Kupepesuka ni hatari ya kifo, na dawa iliyo kuu ni kuteremka bila kukawia.

Kiongozi alikuwa mmoja, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Kundi lisingeweza kugawanyika. Niliamuru sote turudi. Mwanafunzi mmoja, kwa adabu, alipinga: "Mwalimu, kwa nini kumi wakose kwa ajili ya mmoja? Kama Kisoi Munyao angerudi nyuma mwaka 1963, bendera ya uhuru ingepepea wapi?" Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Mambo makuu hayafanywi na watu wanaorudi kwa kila kikwazo. Lakini nilimjibu kwamba bendera ile ilipandishwa Lenana kwa ajili ya wananchi wote, wa mbele na wa nyuma. Mlima utatungoja, mwenzetu hatungojei. Basi tuliteremka, na kadiri tulivyoteremka akili yake ilimrudia, hata usiku akaomba chai.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi kifo humwumbua." Methali hii ni ya kweli, lakini yamlaumu mtu mmoja tu. Nani alimfundisha kuficha? Mimi, kwa mzaha wa maneno machache. Nilidhani nimemwongezea nguvu, kumbe nimemnyang'anya ulimi.

Hapana haja ya kupanda mlima ili kuyaona haya. Darasani mwako yumo anayeitikia kwa kichwa hali hesabu hazimwingii, kwa kuwa jana aliuliza akachekwa. Sisemi kwamba mwepesi afungwe miguu. Nasema kwamba kundi lililokubali kwenda pamoja limekubali pia kusikilizana. Kwa hiyo, ewe uliye na miguu myepesi, geuka mara kwa mara umwulize aliye nyuma hali yake, tena umwulize kwa namna ambayo hataogopa kukujibu kweli.