Dada Hana Fungu

Kakangu alikuwa na daftari la madeni. Karibu kila mwenye banda Marikiti analo. Lake lilikuwa na jalada la samawati, limeingia harufu ya iliki na bizari, na kila ukurasa aliugawa kwa mstari wa kalamu: kushoto waliomdai, kulia aliowadai. Alipofariki mwaka jana, baada ya kuugua wiki mbili tu, kitu cha kwanza wazee walichouliza tuliporudi makaburini kilikuwa hilo daftari. Mali ingesubiri. Walitaka kujua madeni.

Kwetu ndivyo ilivyo. Maiti akishazikwa madeni hulipwa kwanza, halafu wasia ukiwepo, usizidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Mamangu alipata sudusi yake, wifi yangu thumuni yake, kilichobaki kikawa cha mtoto, mvulana wa miaka sita. Mimi sikupata kitu na sikulalamika, maana hiyo ndiyo sheria: mtoto wa kiume akiwepo, dada hana fungu. Hata kwenye kuomboleza ni hivyo hivyo. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Sisi wengine tuna siku tatu. Ya nne, unatarajiwa uoge, uvae vizuri, urudi kazini.

Tangu hiyo siku ya nne kuna swali linanisumbua. Waswahili tunasema ahadi ni deni. Sawa. Sasa uliyemuahidi akifa, unadaiwa na nani?

Ahadi yangu ilikuwa nusu marathoni, kilomita 21 na mita 97. Najua hilo si jambo la kutoa machozi, lakini nisikilize kwanza.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Watu hupenda kusikia kulikuwa na sababu kubwa. Karo ilichangia, ndiyo, ila ukweli ni kwamba nilichoka nikaacha, kama nilivyoacha mambo mengine kabla yake. Nikarudi nyumbani Mji wa Kale, nikaanza kuandika vitu vya kulipwa kwa kipande: matangazo ya watu, wasifu wa kuombea kazi, makala pale ninapobahatika. Kakangu hakunigombeza hata siku moja. Alichofanya ni kuniamsha. Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kwenda kufungua banda la viungo, yeye alipanda baiskeli yake nami nikavaa raba zangu za mtumba, ushungi na fulana ya mikono mirefu. Tulitokea Marikiti, tukashika Digo Road, tukashuka Nyerere Avenue hadi karibu na feri, tukakunja Mama Ngina kwenye mibuyu, tukarudi kwa upande wa Fort Jesus. Giza lilikuwa bado, lakini mtu akiwa na kakake nyuma kwenye baiskeli hakuna wa kumsemesha.

Siku niliyofikisha kilomita kumi bila kusimama, alisimamisha saa ya simu yake akaniambia, "Ukimaliza hiyo ishirini na moja, hakuna atakayekuita tena mtu wa kuachia njiani." Nikasema nitamaliza. Ndiyo ahadi yenyewe.

Kila tukipita uwanja wa gofu pale Mama Ngina alinirudia hadithi moja. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapo hapo, naye alikuwepo, ana miaka kumi na minne. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo. Joto la Mombasa na unyevu wake likamshika, na kwenye mzunguko wa mwisho akaacha. Bingwa wa dunia aliachia njiani, hapa kwetu. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Kakangu aliipenda sana hadithi hiyo, na nadhani aliipenda kwa ajili yangu.

Alipokufa nikaenda kuisoma habari ya Bekele mwenyewe, nikakuta jambo ambalo kakangu hakuwahi kunihadithia. Januari 2005 mchumba wake, Alem Techale, alianguka akafa wakiwa mazoezini pamoja. Alikuwa na miaka kumi na minane. Machi mwaka huo huo Bekele alishinda mbio zote mbili za nyika kule Ufaransa, ndefu na fupi. Nikajiambia, unaona? Huyo alikimbia. Msiba hauzuii mtu, unamsukuma. Nilihitaji sana mtu wa kuniambia hivyo, na mtu akihitaji kitu sana hukiona kila mahali.

Basi nikaendelea. Tatizo ni kwamba bila baiskeli nyuma yangu sikuweza tena kutoka na giza. Ilibidi ningoje mwanga, saa kumi na mbili na kitu. Na saa hiyo ndiyo saa ya mtoto kuoga, kunywa chai, kupelekwa shule. Mamangu alikuwa amelishika banda na alfajiri yuko Marikiti kupokea mizigo. Wifi yangu alikuwa kwenye eda, hatoki ila kwa dharura. Hesabu ilibaki na mtu mmoja.

Wiki za kwanza niliiba dakika. Nakimbia nusu saa, narudi mbio, namvisha mtoto huku jasho linanitoka. Mamangu alikuwa ananitazama tu, akaniuliza mara moja, "Mwanangu, wafukuzwa na nani?" Nikacheka. Lakini neno lilinikaa. Kiswahili chetu hakitenganishi. Anayefanya mazoezi anakimbia, na aliyetoroka nyumba yake pia amekimbia. Ukitaka kujua yupi ni yupi, neno lenyewe halikwambii. Inabidi uwaulize waliobaki nyumbani.

Wiki ya saba nilipata jibu. Asubuhi hiyo miguu ilikuwa myepesi, nikamaliza mzunguko na badala ya kurudi nikaongeza wa pili. Pale karibu na uwanja wa gofu nilianza kulia na sikutaka kulia nyumbani, kwa hivyo nikaendelea. Niliporudi ilikuwa saa mbili kasoro. Mtoto alikuwa amekaa barazani, sare imenyooshwa, mkoba mgongoni, anatazama upande wa njia. Alikuwa amekaa hapo karibu saa nzima. Mamake alisimama nyuma ya mlango. Hakunipigia kelele. Alisema, "Msiba wako wewe una miguu, wifi. Wangu mimi umekaa hapa hapa."

Nilimpeleka mtoto shule, nikarudi, nikalichukua lile daftari la samawati. Sijui nilitafuta nini. Nikaanza kusoma upande wa kulia, wa waliodaiwa na kakangu: wenye mikahawa, mama wa viazi karai, mwenye hoteli fulani. Wengi majina yao yalikuwa yamekatwa kwa mwandiko wa mamangu. Maana yake ni nini? Walilipa. Kakangu alikufa, lakini hakuna aliyesema, basi, mwenye deni hayupo, nimesamehewa. Wala hakuna aliyepeleka pesa makaburini. Walikuja Marikiti wakawalipa warithi.

Hapo nikaona nilipokosea. Mimi nilikuwa nalipia makaburini. Nilidhani kwa kuwa ahadi nilimpa yeye, basi ni mambo yangu na yeye, wengine wakae pembeni. Kumbe nilichokuwa nadaiwa na kakangu kimekuwa mali ya warithi, na warithi ni mamangu, wifi yangu, na yule mtoto wa barazani. Wao ndio wenye haki ya kunidai, kuniongezea muda, au kunisamehe. Dada hana fungu, lakini dada ana deni.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona mwanamke mzima aombe ruhusa ya kukimbia? Mwanamume angeomba? Nimelifikiria sana hilo. Kakangu hakuomba, ni kweli. Alitoka nami alfajiri karibu miaka miwili na hakuna aliyemuuliza. Lakini kila asubuhi hiyo kuna mtu aliyekuwa amebaki jikoni anakaanga mahamri na kumvisha mtoto, na hakuwa kakangu. Zile alfajiri alizonipa hazikuwa zake peke yake. Wifi yangu ndiye aliyezilipia, na jina lake halikuandikwa kwenye daftari lolote. Ikiwa kuna dhuluma hapo, kuikomesha si kwa mimi kufanya alivyofanya yeye. Mimi kuuliza ni kukiri tu kwamba muda ninaoutumia una mwenyewe.

Wala sisemi mtu aliyefiwa awe mtumwa wa nyumba. Nyumba ya msiba ina njaa sana, ukiiachia itakumaliza. Kuna siku nahitaji kulia mahali ambapo hakuna wa kunibembeleza wala wa kumbembeleza, na kwa mwendo wa kilomita kadhaa barabara hunipa hilo. Ninachosema ni kwamba huzuni yangu, kubwa ilivyo, hainipi haki ya kutumia saa za watu wengine bila kuwauliza.

Nikawauliza, mmoja mmoja. Mamangu alisema, "Jumapili chukua, siku hizo nyingine tushikane." Akasema pia mbio za mwaka huu nisiende, safari ina gharama na banda bado halijatulia. Niliumia, nisiseme uongo. Wifi alisema, "Ukitoka, ukirudi uniambie bahari ikoje." Na kila Jumapili nikawa namwambia: maji yamejaa, maji yametoka, kuna meli mbili zinangoja nje. Eda ilipokwisha, mahali pa kwanza alipotaka kwenda ni Mama Ngina.

Bekele, baada ya kuacha hapa Mombasa, alirudi mwaka uliofuata kule Edinburgh akashinda tena. Kakangu alikuwa akiimalizia hadithi hapo. Mimi ile nusu marathoni bado nadaiwa. Haijafutwa, imeahirishwa, na wenye deni wanajua.

Mtoto, nilipomuuliza, alitaka kitu kimoja tu: yeye ndiye ashike saa. Jumapili ya kwanza aliibonyeza simu ya babake mlangoni, nami nikatoka. Nilirudi, nikanywa maji, nikamtengenezea chai, nikampeleka chuoni kusoma Kurani, nikarudi kufua. Mchana akanijia na simu mkononi, namba bado zinakimbia.

"Shangazi," akasema, "saa sita na dakika kumi na moja. Hukuniambia nisimamishe."